Uzi maalumu: Mtoto njiti na tezi ya shingo, kwa nini kipimo kimoja hakitoshi

#1 Pipeti (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome aya mbili za mwanzo, mengine atayakuta.

Nafanya kazi maabara hapa Dar. Swali lilelile linarudi dirishani kila mara: mama ana mtoto njiti, katumwa kumpima tezi ya thairoidi, majibu yametoka, TSH ina herufi H pembeni (yaani iko juu ya kiwango), na kuna mtu kwenye benchi keshamwambia mtoto atadumaa akili. Huyo namtuliza, anakunywa maji, anarudi kwa daktari wake. Kuna mwingine sasa, ambaye mtoto wake kapimwa siku ya nne, majibu yakawa safi, akaambiwa "hana shida", akakunja karatasi akaenda zake Mbagala. Hakuna aliyemwambia arudi. Mimi huyu wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu ametulia.

Tuanze na tezi yenyewe. Thairoidi iko mbele ya koo, ndiyo ile ikivimba tunasema fulani ana goita, au rovu kwa wale wa zamani. Inatengeneza homoni ya T4, ambayo mwili huigeuza kuwa T3, na hiyo T3 ndiyo mchapakazi: joto la mwili, mapigo ya moyo, mifupa, na kwa mtoto mchanga kubwa kuliko yote ni ubongo. Juu kuna bosi, tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Anatoa amri inayoitwa TSH. T4 ikipungua bosi anapandisha TSH, ikitosha anaishusha. Kwa hiyo TSH iliyopaa maana yake kwa kawaida ni kwamba tezi inasukumwa na haifui dafu.

Hayo ni kwa mtu aliyekamilika. Mtoto aliye tumboni huanza kutengeneza homoni yake kuanzia wiki ya 10 hadi 12 hivi, ila kidogo mno. Nusu ya kwanza ya ujauzito anategemea T4 ya mama inayopita kwenye kondo, na hata baadaye mama haachi kuchangia. Mawasiliano ya bosi na tezi hukomaa taratibu mpaka karibu na kujifungua. Sasa huyu anazaliwa wiki ya 28. Kitovu kimekatwa, mchango wa mama umekoma papo hapo, akiba ya madini joto (iodini) kwenye tezi yake ni ndogo, na bosi mwenyewe bado mwanafunzi.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi, dakika 30 tu baada ya kuzaliwa TSH hupaa mpaka 60, hata 80, kisha inashuka haraka ndani ya siku ya kwanza. Ndiyo maana sampuli ya saa za mwanzo inatuchanganya. T4 nayo inapanda kufuata amri. Njiti hupata mpando huo lakini mdogo, na kadiri alivyowahi kuzaliwa ndivyo unavyopungua. Aliye chini ya wiki 30, T4 yake badala ya kupanda huwa inashuka, inagusa chini kabisa mwishoni mwa wiki ya kwanza au ndani ya wiki ya pili, halafu inajikongoja kurudi yenyewe. Muda wote huo TSH inaweza kusoma kawaida. Huu ni upungufu wa muda wa T4 kwa njiti. Wengi wanaupitia na wengi unaisha bila dawa.

Kama yangekuwa hayo tu nisingefungua uzi. Kuna kundi la pili, dogo, ambalo tezi kweli haitoshelezi lakini kipimo cha kwanza hakionyeshi. Bosi hajakomaa kiasi cha kutoa amri kali. Au mtoto alikuwa mgonjwa sana. Au alikuwa kwenye dopamini ya kupandisha presha, au steroidi, zote mbili zinaishusha TSH. Au aliongezewa damu kabla ya sampuli, tukapima na homoni za mchangiaji. Kisha wiki ya pili, ya tatu, wengine mpaka ya sita, TSH inaanza kupanda. Kipimo cha siku ya nne hakikudanganya, kilisema tu kwamba siku hiyo amri haikutolewa.

Ndiyo maana miongozo ya mabingwa wa watoto wa Marekani na wa Ulaya inataka watoto njiti, wenye uzito mdogo, waliolazwa mahututi na mapacha wa jinsia moja warudiwe kipimo, kati ya wiki ya 2 na ya 4 hivi, hata kama cha kwanza kilikuwa safi. Nchi nyingi zilizoendelea zinapima kila mtoto anayezaliwa kwa matone ya kisigino kwenye karatasi maalumu. Ilianzia Quebec, Kanada, miaka ya 1970 kwa daktari Jean Dussault. Sisi hatuna mpango wa taifa wa kupima tezi kwa kila mtoto mchanga, kwa hiyo hakuna mtu atakayekupigia simu kukukumbusha. Uliza wewe.

Kuhusu herufi H. Mashine nyingi zimewekewa viwango vya mtu mzima, TSH kati ya 0.4 na 4 hivi. Mtoto wa wiki mbili mwenye TSH ya 6 atapigiwa H palepale. Si ugonjwa peke yake, wala si kitu cha kupuuza. Ni namba inayosomwa pamoja na T4 huru (ile isiyoshikwa na protini kwenye damu), umri wa mtoto kwa siku na wiki aliyozaliwa.

Uzi tayari. Karibuni.

#2 Shangazi wa Tabata

Siti ya mbele kabisa, na kashata zangu.

Pipeti mwanangu ubarikiwe, ila mimi naona mnatutisha na vipimo. Mtoto mwenye shida ya tezi si anaonekana tu? Wa jirani yangu ulimi ulikuwa mkubwa, analia sauti nzito, kitovu kimetoka. Mama mzima hahitaji maabara kuona hayo.

#3 Zamu ya Usiku

Shikamoo Shangazi. Mimi nesi wa wodi ya watoto wachanga, hospitali siitaji.

Dalili ulizotaja ni za kweli na ziongeze hizi: manjano yasiyokatika, choo kigumu, mwili baridi, usingizi mwingi, kunyonya kwa uvivu, utosi wa nyuma kuwa wazi. Sasa njoo wodini kwangu. Njiti wa kilo 1.3 ana manjano? Wengi wao, ndiyo maana taa haizimwi. Mwili baridi? Ndiyo sababu yuko kifuani kwa mama yake kwa kangaroo. Analala? Kutwa. Hanyonyi? Tunamlisha kwa mpira, maana kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja huja kwenye wiki ya 34 hivi. Choo? Utumbo wenyewe bado mchanga. Na kitovu kutokeza, watoto wetu weusi wengi wanatokeza na hawana tatizo lolote.

Yaani kila dalili kwenye orodha yako naikuta kitanda hadi kitanda, kwa watoto ambao tezi zao ni nzima. Na wale wenye tatizo la tezi, hata waliotimiza miezi, wengi huzaliwa wakiwa wa kawaida kabisa kwa macho, kwa kuwa T4 ya mama ilikuwa inawashikilia. Ulimi wa jirani ulipoonekana ujue muda ulishapita mwingi.

Nikiona manjano yamepitiliza wiki tatu ndipo namkumbusha daktari tezi. Lakini sisubiri dalili.

#4 Shangazi wa Tabata

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye "kitanda hadi kitanda" nimekuelewa. Endeleeni, niko kimya.

#5 mama_kulwa

Mimi nina mapacha wa kike, wiki 31. Kulwa alikuwa na manjano ya muda mrefu wakampima tezi, akaonekana sawa. Doto hakupimwa, nikaambiwa wakiwa sawasawa hivi majibu ya mmoja yanatosha. Sasa nasoma hapa mapacha wa jinsia moja wametajwa, moyo unaenda mbio. Wana mwezi mmoja na nusu sasa.

#6 Daktari Mlalahoi

Pole mama Kulwa, moyo ushushe kwanza. Uwezekano mkubwa ni kwamba wote wako salama. Lakini majibu ya mmoja hayatoshi, na nakueleza kwa nini.

Mapacha wanaofanana mara nyingi wanashirikiana kondo, na damu yao inachanganyika tumboni. Mmoja akiwa na tezi mbovu, homoni za mwenzake zinaingia kwake na kumfunika. Siku za mwanzo kipimo chake kinaweza kutoka safi kwa hisani ya pacha. Baada ya kutengana, akiba ile inaisha ndipo ukweli unajitokeza. Ndiyo maana wametajwa kipekee, na ndiyo maana Kulwa naye anastahili kurudiwa kama kipimo chake kilikuwa cha wiki ya kwanza.

Nenda na kadi zote mbili kliniki wiki hii, sema tu: "Naomba TSH na T4 huru kwa wote wawili, walizaliwa wiki ya 31." Hakuna daktari wa watoto atakayekushangaa. Akikushangaa mwambie kwa heshima kwamba unasubiri.

#7 Mtaa wa Kongo

Na mimi niulize bila kutukanwa. Bibi zetu walizaa njiti, wakawafunika kwenye pamba, wakawaweka karibu na jiko, wakakua. Leo kila kitu kipimo. Halafu nyie maabara mnajua kutafuta hela. Njiti anatobolewa mpaka anaishiwa damu.

#8 Pipeti

Hutukanwi mkuu, na hoja ya damu umeigusa penyewe. Njiti wa kilo 1.2 ana damu kama mililita 100 mwili mzima, chupa moja ya dawa ya kikohozi. Kila mililita tunayochukua ina maana. Ndiyo sababu nawaambia wauguzi waunganishe: kama anatolewa damu ya kuangalia manjano au wingi wa damu wiki ile ya pili, TSH iingie kwenye mchomo huohuo. Hatuhitaji mshipa wa pili. Na sampuli ichukuliwe kabla ya kuongezewa damu, siyo baada.

Ya bibi zetu: tunawakumbuka waliokua. Na hao waliokua, nyanda za juu kusini watu walikuwa na marovu ya kutisha kabla chumvi haijawekwa madini joto. Miaka ya 1980 na 1990 kuna wilaya watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwa ajili hiyo. Kule kulikuwa na watoto waliozaliwa viziwi na akili nzito, ikaitwa laana ya ukoo. Haikuwa laana.

Halafu usidhani njia ya kisigino ni ya Kanada tu. Hapahapa Muhimbili waliwahi kufanya majaribio ya kupima selimundu kwa watoto wachanga kwa tone la kisigino lililokaushwa kwenye karatasi. Ujuzi upo. Kinachosumbua Dar kwenye karatasi zile ni unyevu wa masika tu. Tone linatakiwa likauke saa tatu au zaidi, karatasi imelala, kivulini, isiguswe. Nishaona mtu kaianika dirishani juani kama dagaa.

#9 Mtaa wa Kongo

Hahaha dagaa. Sawa, kwa damu ya mchomo mmoja nimeafiki. Kwa bei sijaafiki.

#10 Engineer wa Kimara

Swali la mtu wa hesabu. Kama T4 ya njiti inashuka karibu kwa kila mmoja, na T4 ndiyo inajenga ubongo, na dawa ni kidonge cha bei ndogo, kwa nini msiwape wote tangu siku ya kwanza mkamaliza kesi? Kupima kwa nini?

#11 Daktari Mlalahoi

Engineer, swali lako waliliuliza Waholanzi kabla yako. Mwaka 1997 walichapisha utafiti wa Amsterdam: njiti 200 waliozaliwa chini ya wiki 30, nusu wakapewa T4 kwa wiki 6, nusu wakapewa dawa ya bure isiyo na kitu, kisha wakafuatiliwa mpaka umri wa miaka miwili. Kwa jumla akili na misuli ya makundi yote mawili ilikuwa sawa. Walipochambua zaidi wakaona kitu cha ajabu: waliozaliwa kabla ya wiki ya 27 walielekea kunufaika, na waliozaliwa wiki ya 27 na kuendelea, waliopewa dawa walielekea kufanya vibaya kuliko wasiopewa. Tafiti zilizofuata hazikuonyesha faida ya kuwagawia wote, kwa hiyo haifanyiki.

Mimi natafsiri hivi, na ni maoni yangu: T4 kushuka kwa njiti sehemu yake ni upungufu wa kweli, sehemu ni mwili wa mgonjwa unaobana matumizi. Ukimlazimisha atumie wakati amebana, unaweza kumharibia. Japani wameripoti njiti wadogo sana walioporomoka presha baada ya kuanzishiwa dawa hii. Kidonge ni cha bei ndogo, lakini homoni si vitamini.

Tofauti na hapo ni mtoto ambaye TSH imepanda kweli. TSH ya damu ya mshipa ikivuka 20 baada ya siku za mwanzo, hata T4 ikiwa bado inajitahidi, anaanzishwa dawa. Ikiwa kati ya 6 na 20 huku T4 huru iko sawa, tunarudia baada ya wiki moja au mbili, na wengi hushuka wenyewe. T4 iko chini na TSH haipandi kabisa wiki baada ya wiki, hapo tunageuka kumtazama bosi, yaani pituitari yenyewe.

#12 Engineer wa Kimara

Nimeelewa. Mfumo una kidhibiti ambacho bado kinasetiwa. Asante dokta.

#13 bint_Mwenge

Wangu alizaliwa wiki 29, sasa ana wiki tano. Wiki iliyopita T4 huru ilikuwa 1.1. Juzi nikapima maabara nyingine, imesoma 14. Imepanda mara kumi na tatu ndani ya wiki moja! Mama mkwe anasema nimempa kitu. Naomba msaada, sijalala.

#14 Pipeti

Bint, lala. Haijapanda.

Angalia pembeni ya namba pameandikwa nini. Ya kwanza ni nanogramu kwa desilita, ya pili ni pikomoli kwa lita. Ukitaka kutoka ya kwanza kwenda ya pili unazidisha kwa 12.87. Haya, 1.1 mara 12.87 ni 14.2. Ni namba ileile kwa vipimo viwili, sawa na kumpima mtu kwa futi kisha kwa sentimita.

Hili ni kosa letu watu wa maabara kuliko lenu, tunatoa namba bila maelezo kana kwamba mteja kasomea. Ukiweza, rudia vipimo maabara ileile, kwa sababu hata mashine mbili za kizio kimoja haziendani sawasawa. TSH ilikuwa ngapi?

#15 bint_Mwenge

Mara zote mbili 3 na pointi. Nimempigia mama mkwe nimemsomea jibu lako neno kwa neno. Kakata simu.

#16 Zamu ya Usiku

😂 Atarudi.

Niongeze jambo ambalo halijaguswa. Madini joto. Njiti akikosa, tezi haina malighafi. Akizidishiwa, tezi inafunga milango na kugoma kutengeneza homoni. Mtu mzima akipata madini joto mengi tezi hugoma siku chache kisha inazoea. Tezi ya njiti bado haijajua kuzoea, inaweza kubaki imefunga. Ndiyo maana ile dawa ya kahawia yenye iodini tunayosafishia ngozi kabla ya kuweka mirija, kwa njiti tunaikwepa inapowezekana au tunaifuta kwa maji baada ya kazi. Ngozi yao ni laini, inakunywa kila kitu. Ukimwona ndugu nyumbani anampaka mtoto iodini kitovuni kila siku kwa nia njema, mzuie.

Kwa mama: tumia chumvi yenye madini joto, ya pakiti, ifunike, iweke mbali na mvuke wa jiko. Maziwa yako ndiyo chanzo chake. Chumvi ya mawe ya kupima kwa kopo inayouzwa wazi juani siiamini. Na wale mnaokunywa unga wa mwani wa Zanzibar kila asubuhi kwa ajili ya nguvu, mwani una madini joto na kiasi kinatofautiana kwa aina na aina. Ukiwa unanyonyesha njiti, acha kwanza.

#17 Shangazi wa Tabata

Nimerudi. Huo unga wa mwani ninao kabatini, aliniletea mwali wangu kutoka Paje. Mimi sinyonyeshi mtu, nitaendelea nao.

#18 Baba Rehema

Nimesoma wote kimya. Binti yetu alizaliwa wiki ya 30. Kipimo cha kwanza sawa, cha pili mwezi mmoja baadaye TSH ikawa 38, ameanzishiwa levothairoksini, yaani T4 ya dawa, kidonge cha maikrogramu 25, kila siku kimoja. Maswali mawili. Tunampaje mtoto asiyejua kumeza kidonge? Na hii ni ya maisha yake yote?

#19 Daktari Mlalahoi

Hongereni kwa kurudi mara ya pili, Baba Rehema. Hapo ndipo wengi wanakosa.

Kidonge saga kwenye kijiko kikavu kwa mgongo wa kijiko kingine, ongeza maziwa ya mama mililita mbili tatu, mpe kwa sindano isiyo na ncha, pembeni ya shavu, polepole. Kisha ongeza maziwa kidogo kijikoni, suuza, mpe na hiyo, maana dawa inabaki imenata. Usiweke kwenye chupa nzima ya maziwa, akiishia nusu hutajua kala kiasi gani. Na msisage vidonge vya wiki mkaviloweka kwenye chupa, dawa ikishakuwa kwenye maji nguvu yake haidumu. Pakiti ikae pakavu, si juu ya friji, si bafuni.

Kubwa zaidi: najua kapewa na dawa ya matone ya kuongeza damu, yenye chuma. Karibu kila njiti anapewa. Chuma kinaishika levothairoksini tumboni isiingie kwenye damu. Zitenganishe kwa muda wa saa nne. Kalisiamu vilevile, na maziwa ya soya.

Ya maisha? Kwa njiti wengi jibu ni hapana. Tunaendelea bila kukatiza mpaka miaka mitatu, kipindi ambacho ubongo unaitegemea sana homoni hii, kisha daktari anasimamisha dawa kama wiki nne na kupima upya. Tezi ikisimama yenyewe, mmemaliza. Msijaribu nyumbani kabla ya hapo, hata akinenepa na kucheka. Vipimo mwanzoni ni kila wiki moja au mbili mpaka TSH itulie, kisha kila mwezi au miwili ndani ya nusu mwaka wa kwanza. Kipimo tunachokitazama zaidi ni TSH, lakini T4 ikizidi sana nayo ina madhara, moyo kukimbia, mtoto kutotulia, mifupa ya kichwa kuwahi kufunga.

#20 Baba Rehema

Tulikuwa tunampa vyote saa moja asubuhi kabla mama hajaenda kazini. Chuma kinahamia saa nane mchana, bibi yake atampa. Asante sana dokta.

#21 Zamu ya Usiku

Baba Rehema, andika saa hizo kwa kalamu nene ubandike kwenye kabati la dawa. Bibi hana kosa, chupa zinafanana. Na siku ya kupima damu itolewe kwanza, dozi ya asubuhi impate baadaye.

#22 mama_kulwa

Mrejesho. Nimetoka kliniki, wote wawili wametolewa damu, majibu kesho. Daktari hakushangaa. Aliyenihangaisha ni wa mapokezi, ananiuliza umri wa watoto nikasema mwezi na nusu, kaandika hivyo basi. Pipeti, hiyo inatosha kwenu?

#23 Pipeti

Haitoshi, na hapa niseme na wazazi wote wenye njiti. Fomu inayonifikia ina jina, jinsia, "mtoto". Sijui kazaliwa wiki ya ngapi, sijui ana siku ngapi, sijui kama aliongezewa damu. Kwa fomu hiyo mashine inamsoma kama fundi magari wa Gerezani mwenye miaka 40.

Ombeni waandike, au andikeni wenyewe juu ya fomu kwa mkono: tarehe ya kuzaliwa, wiki za ujauzito alipozaliwa, uzito wa sasa, kama ni pacha, kama aliongezewa damu na lini, na dawa anazotumia. Kesho asubuhi kabla majibu hayajatolewa, mama Kulwa, piga simu maabara uongeze "wiki 31, mapacha" kwenye fomu zote mbili. Wakikuuliza nani kakutuma, sema umejituma.